Ua, Kichochoro, Ngazi: Kazi ya Kulipima Neno la Kiskoti

Mskoti akikuambia mkutane kwenye close, usiondoke kwanza. Muulize kwao ni wapi. Akiwa mtu wa Glasgow, utamkuta ndani ya jengo la ghorofa, kwenye ujia wa chini unaotoka mlango wa barabarani hadi kwenye ngazi. Akiwa wa Edinburgh, yuko nje, katika kichochoro kinachoteremka kati ya kuta mbili ndefu. Na akiwa mkulima wa kaskazini-mashariki, kule Aberdeenshire au Kincardineshire, close yake ni ua wa shamba: uwanja ulio katikati ya nyumba, mazizi na ghala, wenye matope msimu wa mvua na lundo la samadi pembeni. Neno ni lilelile, na wote watatu hulimalizia kwa s isiyo na mvumo wa z. Kila mmoja ana hakika kwamba maana yake ndiyo maana.

Lugha yenyewe ni Kiskoti, na isichanganywe na Kigaeli cha milimani na visiwa vya magharibi. Kiskoti ni ndugu wa Kiingereza. Vilizaliwa nyumba moja, vikaachana, na kwa karne kadhaa Kiskoti kikawa lugha ya wafalme, ya sheria na ya washairi wa Uskoti, kabla Kiingereza cha London hakijashika madaraka. Katika sensa ya 2022, watu wapatao milioni 1.5 walisema wanakizungumza. Mwaka 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kukitambua rasmi pamoja na Kigaeli. Lakini makala haya hayahusu siasa ya lugha. Yanahusu mafundi wa kazi moja isiyo na kelele: wale waliokaa mezani miaka na miaka kulishika neno kama hilo close, wakaliuliza limetoka wapi, limeenda wapi, na nani analitumia vipi, wasimpendelee Mglasgow wala mtu wa shamba.

Ili kuuona ugumu wa kazi yao, lazima kwanza tutembee.

Tuanzie Edinburgh. Mji Mkongwe umekaa juu ya mgongo wa mlima, ngome ikiwa juu magharibi na kasri la Holyrood likiwa chini mashariki. Barabara kuu inapita juu ya mgongo huo, na kutoka humo vichochoro vinashuka kulia na kushoto, vingine kwa mteremko mkali unaomfanya mzee ashike ukuta. Hizo ndizo close. Zina majina ya watu na kazi zao: Advocate's Close ya mwanasheria, Fleshmarket Close ya soko la nyama, Mary King's Close ya mwanamke mfanyabiashara wa karne ya 17. Hii ya mwisho ilikuja kufunikwa na jengo kubwa la biashara katika karne ya 18, na leo watu hushuka kuitembelea chini ya ardhi. Mji ulibanwa na kuta zake, watu wakaongezeka, nyumba zikapanda juu kwa kukosa mahali pa kutanukia. Kandokando ya close kuna njia nyingine ziitwazo wynd. Wenyeji wa zamani walizitofautisha: wynd ilikuwa pana zaidi, wazi pande zote mbili, na mkokoteni uliweza kupita, ilhali close ilikuwa nyembamba, mali ya waliokaa humo, na usiku iliweza kufungwa kwa lango.

Hilo lango ni la kukumbukwa, kwa maana limebeba asili ya neno. Close imetoka Kifaransa, clos, nacho kimetoka Kilatini, clausum: mahali palipofungwa, palipozungushiwa uzio. Basi mkulima wa kaskazini-mashariki, ambaye watu wa mjini humdhania kuwa ndiye aliyelipotosha neno, ndiye aliyebaki karibu zaidi na kisima chake. Ua wake umezungukwa na majengo pande zote, umefungwa. Msomaji wa riwaya ya Sunset Song ya Lewis Grassic Gibbon, iliyotoka 1932, hukutana na close hiyo ya shamba. Wahusika hutoka jikoni wakaingia close, huvuka close kwenda kuwatazama ng'ombe. Mtu aliyelelewa Glasgow akisoma kurasa hizo bila kuonywa atajiuliza ng'ombe wamepandaje ngazi.

Sasa Glasgow yenyewe. Katika karne ya 19 mji huo ulijaa majengo ya mawe ya mchanga, mekundu na ya rangi ya asali, ya ghorofa tatu au nne, kila ngazi moja ikihudumia familia sita, nane, au zaidi. Huingii nyumbani kwako moja kwa moja kutoka barabarani. Unaingia close: ujia wenye sakafu ya mawe, milango ya vyumba vya chini pande mbili, ngazi zinazopanda, na nyuma yake sehemu yenye giza inayotokea uani. Sehemu hiyo ya nyuma iliitwa back close, na vijana wengi wa Glasgow walichumbiana humo, wakiwa mbali kidogo na macho ya wazazi. Mbele, pale ujia unapokutana na barabara, ndipo close-mouth, mdomo wa close, ambapo kina mama walisimama kuzungumza, mikono imekunjwa kifuani, wakiangalia nani anapita na nani.

Kulikuwa na daraja za heshima hata katika ujia. Close ya kawaida ilipakwa rangi ukutani, nusu ya chini rangi nzito na nusu ya juu nyeupe. Close ya wenye uwezo ilikuwa wally close, yaani iliyovikwa vigae vya kung'aa, kijani kibichi au rangi ya damu ya mzee, na pengine mstari wa maua juu yake. Wally zamani lilimaanisha kizuri, cha kupendeza. Likahamia kwenye vyombo vya udongo vilivyong'arishwa, na kutoka hapo kwenye vigae. Hadi leo matangazo ya nyumba za kuuzwa Glasgow hulitaja jambo hilo kwa fahari. Usafi nao ulikuwa sheria bila polisi. Familia zilipokezana zamu ya kuosha ngazi, na kadi ndogo ilitundikwa kwenye kitasa cha mlango wa mwenye zamu ili asije akasema hakujua. Wengine wakishaosha walichora kwa chaki nyeupe mapambo pembeni mwa vidato. Anayetaka kuonja maisha hayo anaweza kwenda mtaa wa Buccleuch, Garnethill, ambako shirika la urithi la Uskoti limehifadhi nyumba moja ya 1892 kama alivyoiacha Bi Agnes Toward, karani aliyeishi humo kuanzia 1911 hadi 1965.

Kwa Mglasgow, basi, close ni ngazi, majirani, zamu, harufu ya kabichi, na kuitwa ule. Ndiyo sababu akitaka kukuambia umekosea, husema uko kwenye close isiyo yako. Mtu wa Edinburgh anayeishi katika jengo la aina hiyohiyo, lenye ujia uleule na ngazi zilezile, haiiti close kabisa. Yeye huita stair. Miji hiyo miwili imetengana kwa mwendo wa saa moja tu wa treni. Twende Dundee tukute pletties, yaani vibaraza vya nyuma vinavyounganisha milango ya majengo. Twende Lerwick, Shetland, tukute closs zinazoteremka baharini kati ya nyumba za mawe. Kila tunapopiga hatua, neno linabadili nguo.

Hili ndilo lililowekwa mezani mbele ya mtunga kamusi. Afanye nini nalo?

Anaweza kuchukua njia rahisi. Aandike "close: kichochoro", ahesabu amemaliza. Kamusi nyingi duniani, zetu zikiwamo, zimetungwa kwa urahisi huo: maana ya mji mkuu inaandikwa, nyingine zinaachwa zife na wazee. Waskoti hawakukubali, na kisa cha kukataa kwao kilianzia kwa mchungaji mmoja wa kanisa.

John Jamieson alizaliwa Glasgow mwaka 1759, akapelekwa kijana kuhudumu Forfar, katika mkoa wa Angus. Kama wasomi wengi wa wakati wake, alidhani maneno ya waumini wake ni Kiingereza kilichoharibika. Ndipo akakutana na Grímur Thorkelin, msomi kutoka Iceland aliyekuwa akifanya kazi Copenhagen, ambaye alikuwa akisikiliza kwa makini maneno ya watu wa Angus. Thorkelin alimwonyesha kwamba mengi ya maneno hayo yapo Iceland, hai na yenye afya, na kwamba hayawezi kuwa makosa ya watu wasiosoma. Jamieson akaanza kukusanya. Mwaka 1808 alitoa kamusi yake ya asili za maneno ya Kiskoti katika juzuu mbili, na mwaka 1825 akaongeza nyingine mbili. Baadhi ya asili alizozipendekeza zimekataliwa na wataalamu waliofuata, na walikuwa na haki. Lakini tabia aliyoianzisha haikukataliwa na mtu: kila maana aliitafutia sentensi ya mtu aliyeitumia, na aliwapa watu wa mashamba uzito uleule wa washairi wa ikulu.

Karne moja baadaye William Craigie, mzaliwa wa Dundee na mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford, aliwahimiza Waskoti waanze kuyakusanya maneno yao upya, kabla wanaoyajua hawajazikwa. Mwalimu wa fonetiki wa Aberdeen, William Grant, ndiye aliyeubeba mzigo huo tangu 1907. Kazi ikagawanywa mara mbili. Craigie alichukua lugha ya kale, hadi mwaka 1700, akaanzisha Dictionary of the Older Scottish Tongue. Grant alichukua yote yaliyofuata, akaanzisha Scottish National Dictionary. Sehemu za kwanza za kamusi zote mbili zilitoka 1931. Ya Grant ilikamilika 1976, juzuu 10. Ya Craigie ilikamilika 2002, juzuu 12. Hesabu mwenyewe: miaka 45 kwa moja, 71 kwa nyingine. Grant alifariki 1946, Craigie 1957, na hakuna kati yao aliyeliona neno la mwisho la kamusi yake.

Aliyeifikisha ya Grant ufukweni ni David Murison, mtu wa Fraserburgh, bandari ya wavuvi kaskazini-mashariki. Aliichukua 1946, akakaa nayo miaka 30. Fikiria hiyo ni kazi gani. Fedha zilikuwa haba, wasaidizi wachache, na herufi ziko mbele zimejipanga. Unapomaliza herufi moja huna sherehe; unafungua sanduku la herufi inayofuata. Wafadhili walibadilika, vijana wakaacha kusema maneno uliyokuwa ukiyahariri, na wewe uko palepale na kikaratasi mkononi.

Kikaratasi hicho ndicho kitendea kazi chao, kama tezo kwa mjenzi wa jahazi. Msomaji wa kujitolea anapewa kitabu, gazeti la mkoa, kumbukumbu za mahakama, hesabu za parokia. Akikuta neno la Kiskoti analiandika juu ya kikaratasi, chini yake sentensi nzima kama ilivyo, kisha jina la kitabu, ukurasa, mwaka, na mkoa. Kikaratasi kimoja, neno moja, tukio moja. Vikaratasi vinarudi kwa maelfu, vinapangwa kwa alfabeti, vinafungwa mafungu. Siku ya kuhariri neno, mhariri analifungua fungu lake na kulitandaza mezani. Hapo ndipo ufundi unapoanza, na hapo mashine hadi leo humhitaji mtu.

Chukua fungu la close. Mhariri anasoma kikaratasi kimojakimoja na kukiweka mahali: hiki ni ua, hiki ni kichochoro, hiki ni ujia wa ndani. Vipo vinavyojiweka vyenyewe. Sentensi yenye kuku na mkokoteni wa nyasi ni ya ua. Sentensi yenye vigae na ngazi ni ya ndani. Lakini akikutana na sentensi inayosema tu kwamba mwanamke fulani alisimama mdomoni mwa close akiwa na mtoto, afanyeje? Kichochoro kina mdomo, ujia una mdomo, ua nao una lango. Hapo hutazama mkoa na mwaka. Ikiwa ni Glasgow baada ya majengo ya ghorofa kuenea, ina mwelekeo mmoja. Ikiwa ni Edinburgh, mwingine. Na ikiwa mwandishi alizaliwa mkoa mmoja akaandika kuhusu mwingine, kikaratasi kinarudi pembeni kusubiri, maana neno la mwandishi linaweza kuwa la utotoni kwake na si la mahali anapopasimulia. Mhariri mwenye haraka angekilazimisha kikaratasi kiingie fungu lolote. Fundi hukiacha kando, siku, wiki, mpaka ushahidi mwingine ukitolee hukumu.

Vikishapangwa, mafungu yanaanza kusimulia. Ya zamani zaidi, tangu karne ya 14, yanaelekea kwenye mahali palipozungushiwa. Kisha miji ya kale inajitokeza: viwanja virefu, vyembamba, vinavyoanzia barabara kuu kwenda nyuma, kila kimoja na njia ya pembeni ya kufikia nyumba za nyuma. Jina la ua likahamia kwenye njia ya kuuendea. Halafu wajenzi wakajenga mbele, juu ya njia ile, wakaiacha ipite chini ya jengo kama pango dogo. Watu wa ghorofani wakawekewa ngazi humo humo. Njia ikawa ujia. Kwa mwendo huo, mtu wa Glasgow, wa Edinburgh na wa shamba la kaskazini-mashariki wamesimama kwenye vituo vitatu vya safari moja. Hakuna aliyepotea njia. Mimi naona huu ni uzuri wa hali ya juu: fumbo lililowafanya watu wacheke na kubishana karne nzima linafunguliwa kwa kupanga karatasi kwa uaminifu, bila mtunga kamusi kuinua sauti.

Kitabu peke yake hakitoshi, kwa sababu watu wengi wanaosema vizuri hawaandiki. Kwa hiyo Scottish National Dictionary ilikuwa na mashahidi wake mikoani: walimu, wachungaji, wakulima, wavuvi, waliojibu barua na kusema kama neno fulani linajulikana kwao na kwa maana gani. Kila mmoja alipewa kifupi cha mkoa wake na namba. Ukifungua kamusi hiyo utakuta, baada ya maana, orodha kama Bnff.2, Abd.9, Ags.17, Lnk.3. Kwa mgeni ni kero. Ukikaa nayo inageuka kuwa umati wa watu. Abd.9 ni mtu halisi wa Aberdeenshire aliyeketi jioni akajibu: naam, hapa tunasema hivyo. Orodha huanzia visiwa vya Shetland na Orkney, ikashuka pwani ya mashariki, ikavuka kwenda magharibi, ikaishia kusini mpakani, kwa hiyo ukisoma mstari mmoja umeshaizunguka nchi. Mkoa usipotajwa, kamusi haitangazi kwamba huko neno halipo. Inanyamaza tu. Naiheshimu sana nidhamu hiyo ya kunyamaza. Ni wachache kati yetu tunaoandika kuhusu lugha tunaoiweza.

Kuna kazi nyingine iliyofanywa kando ya kamusi. Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha uchunguzi wa lugha za Uskoti, na mwaka 1951 na 1953 hojaji zilitumwa kwa posta kupitia shule. Mwalimu mkuu aliombwa amtafute mtu mzima wa hapohapo, aliyeishi hapo maisha yake yote, amjazie. Majibu yalichorwa kwenye ramani, yakatoka katika juzuu tatu za Linguistic Atlas of Scotland, kati ya 1975 na 1986, chini ya J. Y. Mather na H.-H. Speitel. Ramani zake ni za mistari: eneo lenye neno hili lina mistari ya kulala, lenye lile lina mistari ya kusimama, na panapokutana mistari inapishana kama ukili wa mkeka. Macho ya kwanza hutafuta mpaka ulionyooka na hayaupati. Mtoto, kwa mfano, ni bairn mashariki, kaskazini na kusini mpakani, na ni wean Glasgow, Ayrshire na Lanarkshire. Lakini kati yao kuna ukanda ambamo nyumba moja husema hivi na ya jirani husema vile, na bibi husema yote mawili kulingana na anayezungumza naye. Mchoraji ramani mvivu angepiga mstari mmoja. Hawa walichora mchanganyiko kama walivyouona.

Sauti nazo humtega fundi. Kaskazini-mashariki, maneno ya kuuliza ambayo kwingine huanza na wh huanza na f: nani ni fa, nini ni fit, wapi ni far, lini ni fan. Mtu wa Aberdeen anakusalimu kwa "Fit like?" Sasa fit hiyohiyo, sehemu nyingi za Uskoti, ni mguu. Kwa hiyo kule Aberdeenshire fit ni mguu na ni nini, na mtoto wa huko hachanganyikiwi hata siku moja. Anayechanganyikiwa ni mtunga kamusi, ambaye lazima ahakikishe kila kikaratasi kimeenda kwenye neno lake, na kwamba msomaji akitafuta fit anaelekezwa njia zote mbili. Maelekezo hayo madogo, "tazama neno fulani", hakuna anayeyasifu. Yakikosewa, neno limepotea ndani ya kitabu chenyewe kilichokusudia kulihifadhi.

Pia neno halisimami likingoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Glasgow ilibomoa mitaa mizima ya majengo ya zamani na kuwahamishia watu pembezoni, Drumchapel, Easterhouse, Castlemilk, na wengine kwenye minara mirefu yenye lifti. Katika nyumba za ghorofa nne za pembezoni close iliendelea, maana ngazi zilikuwapo. Katika minara ilikosa pa kukaa: lifti haina mdomo wa kusimama na kuzungumza. Kuanzia miaka ya 1970 baadhi ya mitaa ya kale ikaokolewa na kukarabatiwa, vigae vikasafishwa, na neno likapata tena kuta zake. Kamusi iliyokamilika 1976 haikuweza kuyaona yote hayo, na wahariri waliofuata walijua. Wakatoa nyongeza mwaka 2005. Mwaka mmoja kabla, 2004, kamusi zote mbili, juzuu 22, ziliunganishwa na kuwekwa kwenye intaneti bure chini ya jina Dictionary of the Scots Language. Leo mvuvi wa Shetland na mjukuu wa Mskoti aliyeko Kanada wanafungua ukurasa uleule, na Abd.9 bado yuko humo, akitoa ushahidi wake.

Ninapoisifu kazi hii siisifu kwa ukubwa wake. Kamusi kubwa zipo nyingi. Ninaisifu kwa sababu katika kila neno kuna jibu la maswali manne: nani, wapi, lini, kwa maneno gani hasa. Maswali hayo hayana ujanja, na ni magumu kuliko nadharia zote, kwa kuwa hayakuruhusu kukisia.

Sisi wa Kiswahili tumeshaonyeshwa njia hiyo. Charles Sacleux, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka 1939, aliyawekea maneno alama za lahaja, Kiamu kwake, Kimvita kwake, Kiunguja kwake. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, nalo limetoa kamusi za lahaja za visiwani, ikiwamo ya Kimakunduchi. Lakini kazi iliyobaki ni nyingi kuliko iliyofanywa. Neno mtaa peke yake lingemjazia mhariri meza nzima: Tanzania ni ngazi ya utawala yenye mwenyekiti na mhuri, Nairobi ni makazi anakotoka mtu, Lamu ni sehemu ya mji wa kale kama Mkomani na Langoni. Nani amevitandaza vikaratasi vyake?

Wewe unayesoma haya unaye mzee nyumbani, au jirani, mwenye neno ambalo hulisikii redioni. Liandike leo, pamoja na sentensi aliyoisema, mahali alipokulia, umri wake, na mwaka huu. Usimsahihishe. Kisha lipeleke BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa la Tanzania, au BAKIZA, au idara ya Kiswahili ya chuo kilicho karibu nawe, wakuandikie kwamba wamelipokea.